Kutoa mitindo na fonti ndani ya EPUB na kuzihamishia kwenye vitabu vingine kwa mstari wa amri

Mhariri wa Vijitabu ameuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaandaa vitabu vya Kiswahili katika umbizo la EPUB, vya kusomwa kwenye visomaji vya kielektroniki kwa ajili ya kikundi cha wasomaji. Maandishi yote tunayoyashughulikia ni ya wanakikundi wenyewe, kwa hiyo hakuna kufuli la kidijitali wala suala la kuingilia haki ya mtu. Miongoni mwa vitabu hivyo kimo kimoja ambacho msanifu alikipa mwonekano mzuri sana: vichwa vya sura vina nafasi ya kutosha juu na chini, aya zinaanza kwa kuingia ndani kidogo, mashairi yamepangwa vizuri, na fonti yake haichoshi macho hata kwenye skrini ndogo. Ninataka kuutoa mwonekano huo na kuvivika vitabu vingine vyote, kisha nivigeuze ili visomeke kwenye Kobo na Kindle ambazo wasomaji wetu wanazo.

Ninapendelea kufanya kazi hii kwa mstari wa amri kwenye Linux, kwa sababu vitabu vinazidi kuongezeka, na kubofya kimoja kimoja ndani ya programu ya madirisha huacha tofauti ndogondogo kati ya kitabu na kitabu. Hata hivyo kuna mambo yanayonikwamisha. Kwanza, nikikifungua kitabu kwa `unzip`, nikabadilisha faili ya mitindo na kukifunga tena kwa `zip -r`, programu ya simu hukisoma bila tatizo, lakini EPUBCheck, programu ya kukagua faili za EPUB, hutoa kosa la PKG-006. Pili, nikitumia `ebook-convert`, zana ya ugeuzaji ya programu ya Calibre, kugeuza EPUB kuwa EPUB huku nikiongeza mitindo yangu, kitabu kinachotoka kina majina ya `calibre1`, `calibre2` na kuendelea, na majina aliyoyapanga msanifu hayapo tena. Tatu, fonti nilizozitoa ndani ya kitabu hazifunguki kwenye kompyuta, ingawa ndani ya kitabu chenyewe zinaonekana barabara.

Ninaomba mnielekeze utaratibu sahihi ni upi, na zana ipi itumike katika hatua ipi.

Fundi wa Faili amejibu:

Ndugu Mhariri, kabla ya kutaja zana yoyote ni vyema tutenganishe kazi mbili ambazo katika maelezo yako zimeshikana. Kutoa vilivyomo ndani ya kitabu na kuvirudisha ni kazi moja. Kukigeuza kitabu kutoka umbizo moja kwenda jingine ni kazi nyingine kabisa. Unachokihitaji sasa ni ile ya kwanza, na ukiifanya kwa zana ya ugeuzaji utapata kitabu kinachosomeka lakini kilichopoteza mpangilio wake wa ndani. `ebook-convert` hukisoma kitabu chote, hukokotoa mtindo wa mwisho wa kila kipengele, kisha huuandika upya kwa majina yake yenyewe. Faili ndefu pia huzigawa, na ndiyo maana huenda umekutana na majina yenye `_split_000`. Zana hiyo haina hitilafu. Ndivyo ilivyokusudiwa kufanya kazi, kwa kuwa inapaswa kuvipokea vitabu vya maumbizo mengi na kuvitoa katika maumbizo mengi. Kwa hiyo iache hadi hatua ya mwisho.

Sasa tuje kwenye PKG-006. EPUB ni kifurushi cha ZIP chenye masharti machache ya ziada, na sharti linalosahaulika zaidi ni kwamba faili ya kwanza kabisa ndani yake iwe ile inayoitwa `mimetype`, isibanwe, isiwe na taarifa za ziada, na iwe na herufi 20 tu zisemazo `application/epub+zip`, bila hata mstari mpya mwishoni. Sharti hili lina sababu: linaiwezesha programu kutambua aina ya faili kwa kutazama baiti za mwanzo tu, bila kukifungua kifurushi. Kichwa cha faili ya kwanza katika ZIP kina baiti 30, jina `mimetype` lina baiti 8, na maandishi yenyewe baiti 20, jumla 58. Unaweza kulihakikisha hilo kwa macho yako:

`head -c 58 kitabu.epub`

Baada ya alama chache zisizosomeka unapaswa kuona `mimetypeapplication/epub+zip`, maneno yote yakiwa yameshikana. Usipoyaona, basi kifurushi kimefungwa vibaya. Amri ya `zip -r` pekee huziweka faili kwa mpangilio inaozikuta kwenye folda, na juu ya hayo huongeza taarifa za Unix za saa na mmiliki wa faili, ambazo EPUB haizitaki kwenye faili hiyo ya kwanza. Utaratibu unaofaa ni huu:

`mkdir kazi`
`unzip -q kitabu.epub -d kazi`
`cd kazi`

Hapo fanya mabadiliko yako yote, kisha ufunge kwa hatua mbili:

`rm -f ../kitabu-kipya.epub`
`zip -X0 ../kitabu-kipya.epub mimetype`
`zip -Xr9D ../kitabu-kipya.epub * -x mimetype`

Herufi `X` huzuia taarifa za ziada, `0` huiweka faili bila kuibana, `9` hubana zilizobaki kadiri inavyowezekana, na `D` huzuia folda zenyewe zisiingizwe kama faili tupu. Ile `rm` ya mwanzo usiiache, kwa sababu `zip` ikikuta kifurushi chenye jina hilohilo hukiongezea vitu badala ya kukianza upya, na faili ulizozifuta kwenye folda hubaki humo. Ikitokea umelazimika kuiunda `mimetype` upya, itumie `printf` badala ya `echo`, kwa kuwa `echo` huongeza mstari mpya mwishoni.

Kama kuna mwenzako anayetumia Windows na hana `zip`, Calibre ina njia inayoyazingatia masharti haya yenyewe: `calibre-debug -x kitabu.epub kazi` hukifungua kitabu, na `calibre-debug -i kitabu-kipya.epub kazi` hukifunga. Njia hiyo hufanya kazi kwa AZW3, umbizo la Kindle, pia, jambo ambalo `unzip` haiwezi.

Kuhusu kuitoa mitindo yenyewe, usibahatishe folda, maana kila msanifu huzipanga atakavyo. Anza na faili ambayo mahali pake hapabadiliki:

`unzip -p kitabu.epub META-INF/container.xml`

Humo utaona sifa iitwayo `full-path`, ambayo inakuelekeza kwenye faili ya OPF, na ndani ya OPF ndimo ilimo orodha ya kila kitu kilichomo kitabuni. Tafuta mistari yenye `text/css` na utaijua kila faili ya mitindo iliko. Kumbuka kwamba njia zilizoandikwa katika OPF huhesabiwa kuanzia mahali OPF ilipo, na njia za fonti zilizoandikwa ndani ya faili ya mitindo huhesabiwa kuanzia mahali faili hiyo ya mitindo ilipo. Wengi hunakili folda ya fonti wakasahau jambo hili, kisha wakadhani kisomaji ndicho kibovu.

Kilicho kigumu zaidi ni kwamba faili ya mitindo haina maana peke yake. Ikiwa kitabu cha msanifu kinaziita aya zake `aya-ya-kwanza` na `aya`, na kitabu chako kingine kinaziita `p1` na `p2`, unaweza kuinakili faili hiyo bila kuona badiliko lolote. Kwa hiyo linganisha kwanza majina yanayotumika katika kila kitabu:

`grep -rohE 'class="[^"]*"' --include='*.xhtml' kazi | sort | uniq -c | sort -rn`

Matokeo yake ni orodha ya majina yote pamoja na idadi ya mara ambazo kila jina limetumika, kuanzia lililotumika zaidi. Jina linaloongoza kwa kawaida ni la aya za kawaida. Majina yaliyotumika mara chache ndiyo ya vichwa, nukuu na mashairi. Ukishaijua orodha hiyo, amri chache za `sed`, zana ya kutafuta na kubadilisha maandishi, zinatosha kuyabadilisha majina ya vitabu vyote yafuate yale ya msanifu. Nakushauri uzihifadhi amri hizo katika skripti moja kwa kila kitabu, ili msanifu akirekebisha kitu mwezi ujao uweze kuurudia mchakato mzima bila kukumbuka ulifanya nini. Na ukiongeza faili mpya ya mitindo badala ya kuibadilisha iliyopo, lazima uiorodheshe katika OPF na uiunganishe katika kila faili ya XHTML, yaani faili zenye maandishi ya sura. Kwa sababu hiyo naona ni rahisi zaidi kulihifadhi jina la faili ya zamani na kubadilisha kilichomo tu.

Mpiga Chapa amejibu:

Ninaunga mkono maelezo ya Fundi, nami nijibu suala la fonti ambalo limebaki. Fonti zako hazijaharibika, bali zimefichwa. Tazama kama ndani ya folda ya `META-INF` imo faili iitwayo `encryption.xml`. Ikiwemo, huenda kitabu kimetumia utaratibu wa kuvuruga mwanzo wa faili za fonti, ambao uliwekwa ili kuwaridhisha wenye fonti waliokuwa wakihofia kwamba mtu yeyote mwenye `unzip` angeweza kuzichukua bidhaa zao. Haufungi maandishi ya kitabu, na haupaswi kuchanganywa na kufuli la hakimiliki.

Utaratibu uliomo katika viwango vya EPUB hufanya kazi hivi: kitambulisho cha pekee cha kitabu, kama kilivyoandikwa katika OPF na baada ya kuondolewa nafasi zote, hupitishwa kwenye SHA-1, kanuni ya kufupisha data, na kutoa baiti 20, kisha baiti hizo hurudiwa mara 52 juu ya baiti 1,040 za mwanzo za fonti kwa operesheni ya XOR. Upo pia utaratibu wa Adobe, ambao hutumia baiti 16 za UUID na huishia kwenye baiti 1,024. `encryption.xml` hutaja anwani ya utaratibu uliotumika, kwa hiyo utaweza kujua ni upi. Ili kujiridhisha, tazama baiti nne za mwanzo:

`head -c 4 fonti.otf | xxd`

Fonti ya OpenType iliyo salama huanza kwa herufi `OTTO`, na ya TrueType kwa `0001 0000`. Ukiona kitu kingine, na faili ya `encryption.xml` imo, basi umeshapata jibu.

Kwa kuwa XOR ikirudiwa hujifuta yenyewe, mistari michache ya Python inatosha kuirudisha fonti katika hali yake:

`import hashlib`
`k = hashlib.sha1(kitambulisho.encode()).digest()`
`d = bytearray(open('fonti.otf','rb').read())`
`for i in range(min(1040, len(d))): d[i] ^= k[i % 20]`
`open('fonti-wazi.otf','wb').write(d)`

Kutokana na hesabu hiyo utaona pia kwa nini fonti hupotea mtu anapohamisha folda nzima ya fonti kwenda kitabu kingine, au anapobadilisha kitambulisho cha kitabu ndani ya OPF: ufunguo unabadilika, na kisomaji kinapojaribu kuifichua fonti kinapata takataka na kurudi kimyakimya kwenye fonti yake ya kawaida.

Hata hivyo, ndugu yangu, uwezo wa kuifichua fonti haukupi ruhusa ya kuisambaza. Muulize msanifu wenu ni leseni ya aina gani aliyonunua, kwa sababu leseni nyingi za vitabu vya kielektroniki huhesabiwa kwa kila kitabu. Mimi kwa kazi kama yenu ningechagua fonti zenye leseni huria ya SIL, kama vile Gentium au Charis ambazo SIL wenyewe wamezitengeneza, na kwa maandishi yoyote ya Kiswahili yaliyo katika herufi za Kiarabu ningetumia Scheherazade New au Amiri. Fonti hizo unaziweka kitabuni bila kuzificha, unaiondoa `encryption.xml` ikiwa haina kazi nyingine, na suala limekwisha.

Ukubwa wake usikutishe. Zana ya `pyftsubset`, iliyomo katika kifurushi cha `fonttools` cha Python, huondoa herufi usizozihitaji:

`pyftsubset Fonti.ttf --unicodes='U+0020-007E,U+00A0-00FF,U+2010-2026' --layout-features='*' --output-file=Fonti-ndogo.ttf`

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakihitaji herufi nyingi, lakini hakikisha kwamba U+2019 imo katika orodha yako. Hicho ndicho kiritifaa kilichopinda ambacho programu nyingi za uandishi hukiweka katika *ng'ombe* na *ng'ambo*. Kikikosekana, kisomaji hukiazima kutoka fonti nyingine, na katikati ya neno panatokea alama ya unene na kimo tofauti. Mpangilio niliouandika hapo juu unakijumuisha, kwa kuwa kimo kati ya 2010 na 2026.

Mhariri wa Vijitabu ameandika:

Nawashukuru sana, Fundi na Mpiga Chapa. Faili ya `encryption.xml` nimeikuta, na PKG-006 imetoweka baada ya kufunga kwa hatua mbili. Kuhusu leseni nimeafiki, tutahamia Gentium.

Yamebaki mambo mawili kabla ya ugeuzaji. La kwanza ni mashairi: tungo zetu nyingi zina mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, na msomaji akikuza herufi mshororo huvunjika popote, kina cha kati kikapotea machoni. La pili ni kwamba katika baadhi ya vitabu maneno hukatwa mwishoni mwa mstari mahali pasipofaa, kana kwamba kisomaji hakijui silabi zetu zinaishia wapi.

Mpenzi wa Mashairi amejibu:

La pili ndilo jepesi, kwa hiyo nianze nalo. Kisomaji huchagua kanuni za kukata maneno kwa kuangalia lugha iliyotangazwa kitabuni. Vitabu vingi vya Kiswahili hutengenezwa kwa programu ambazo lugha yake ya awali ni Kiingereza, na mtayarishaji asipobadilisha, kitabu kizima hutangazwa kuwa cha Kiingereza. Kisomaji basi hukata kwa kanuni za Kiingereza, ambazo zinaweza kutenganisha *n* na *g* au kuacha konsonanti mwishoni mwa mstari, wakati silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Angalia hivi, ukibadilisha njia ya OPF kulingana na kitabu chako:

`unzip -p kitabu.epub OEBPS/content.opf | grep 'dc:language'`

Ukikuta `en`, amri ya `ebook-meta kitabu.epub --language sw` hurekebisha OPF bila kuyagusa maandishi. Lakini lugha huandikwa pia mwanzoni mwa kila faili ya XHTML, na hapo `ebook-meta` haifiki. Ukiwa ndani ya folda ya kazi, tumia `sed`:

`find . -name '*.xhtml' -exec sed -i 's/xml:lang="en"/xml:lang="sw"/g; s/ lang="en"/ lang="sw"/g' {} +`

Kama kitabu kina nukuu halisi za Kiingereza zilizowekewa alama yake, zipitie kwanza ili zisibadilishwe pamoja na mengine. Tangazo sahihi la lugha lina faida nyingine pia: programu za kusoma kwa sauti hulitegemea ili kuchagua matamshi, na msomaji asiyeona ndiye anayeumia zaidi likikosewa.

Kisomaji kisicho na kanuni za Kiswahili kwa kawaida kitaacha kukata maneno, na hilo ni afadhali. Ukitaka uhakika, andika katika faili ya mitindo:

`body { hyphens: none; -webkit-hyphens: none; -epub-hyphens: none; adobe-hyphenate: none; }`

Mistari hiyo inaonekana kama marudio, lakini kila injini ya kusomea ina jina lake. Pamoja na hilo ningeipanga matini upande wa kushoto badala ya kuinyoosha pande zote mbili, kwa sababu vitenzi vyetu ni virefu, na mstari usiokatwa ukinyooshwa kwenye skrini nyembamba huacha mapengo makubwa kati ya maneno.

Sasa mashairi, ambayo yananigusa. Mshororo wa mizani 16 una vipande viwili, ukwapi na utao, na pumziko lake lipo baada ya kina cha kati. Kwenye karatasi mpiga chapa huacha nafasi hapo, na jicho huziona safu mbili za vina zikishuka. Kwenye kisomaji hatuwezi kuamua upana wa skrini, ila tunaweza kuamua kwamba mshororo ukilazimika kuvunjika, uvunjike kwenye pumziko. Kila mshororo uwe aya yake, na kila kipande kiwe ndani ya `span`:

`<p class="mshororo"><span class="kipande">…</span> <span class="kipande">…</span></p>`

Kisha mitindo yake:

`.mshororo { margin: 0 0 0 2em; text-indent: -2em; text-align: left; }`
`.kipande { display: inline-block; text-indent: 0; margin-right: 1em; }`

Skrini ikiwa pana, vipande viwili hukaa pamoja vikitenganishwa na nafasi ndogo. Ikiwa nyembamba, utao wote hushuka chini ukiwa umeingia ndani kidogo, na msomaji hutambua mara moja kwamba huo ni mwendelezo na si mshororo mpya. Msisahau ile `text-indent: 0` kwenye kipande, kwa kuwa ujongezaji hurithiwa, na bila kuifuta kila kipande kitavutwa kushoto mpaka kimfunike mwenzake. Kuna wanaotumia `white-space: nowrap`, lakini msomaji mwenye macho dhaifu akikuza herufi sana maneno hutoka nje ya skrini na hayasomeki kabisa, `inline-block` humruhusu hata yeye asome, maana kipande chenyewe kinaweza kukunjwa. Beti nazo ziwekeeni `page-break-inside: avoid`, ili ubeti wa mishororo minne usigawanywe kati ya kurasa mbili.

Kwa tungo zilizokwisha kuandikwa zikiwa na mkato katikati ya mshororo, `sed` inaweza kuviweka vipande katika `span`, ikiwa mshororo una mkato mmoja tu. Yenye mikato zaidi haina budi kupitiwa kwa mkono, kwa sababu hakuna zana inayojua pumziko lipo wapi isipokuwa msomaji anayehesabu mizani.

Msomaji wa Usiku amejibu:

Nami niongeze kuhusu ugeuzaji, kwa kuwa ninatumia Kobo na Kindle zote mbili.

Kigezo changu ni kimoja: EPUB iliyokaguliwa ndiyo asili, na faili nyingine zote ni mazao yake ambayo unaweza kuyafuta na kuyatengeneza upya wakati wowote. Usirekebishe kamwe AZW3 au KEPUB moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kugeuza chochote pitisha `epubcheck` na usiendelee mpaka makosa yaishe. Kosa dogo ambalo kisomaji kimoja hulivumilia, kingine hulikataa.

Kobo husoma EPUB ya kawaida, lakini ina injini nyingine kwa ajili ya umbizo lake la KEPUB, ambayo hugeuza kurasa kwa wepesi zaidi na huonyesha takwimu za usomaji kwa kila sura. Zana ninayoiamini ni `kepubify`. Ni programu moja ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Go, haihitaji Calibre, na inafanya kazi kwa kasi kubwa. Inachofanya hasa ni kuzungushia kila sentensi `span` yenye jina `koboSpan`, ambayo Kobo huitumia kukumbuka mahali msomaji alipofikia. Mitindo yenu na majina yenu ya `class` haiyagusi. Amri ni fupi:

`kepubify -o mazao-kobo asili/*.epub`

Hakikisheni mazao hayo yanakaa kwenye folda yake. Jina la KEPUB huishia kwa `.kepub.epub`, kwa hiyo yakiwa pamoja na asili, kitanzi chochote kinachotafuta `*.epub` kitayachukua pia, na mtajikuta mkizigeuza faili zilizokwisha kugeuzwa.

Kwa upande wa Kindle, tangu mwaka 2022 huduma ya Amazon ya kutuma vitabu inaipokea EPUB yenyewe, hivyo msomaji mwenye intaneti hahitaji ugeuzaji wowote. Anayehamisha kwa waya wa USB ndiye anayehitaji AZW3, na hapa ndipo `ebook-convert` inapostahili:

`for f in asili/*.epub; do ebook-convert "$f" "mazao-kindle/$(basename "$f" .epub).azw3" --disable-font-rescaling; done`

Chaguo la mwisho huizuia Calibre isibadilishe uwiano wa ukubwa wa herufi aliouweka msanifu. Majina ya `calibre1` na `calibre2` yatakuwemo ndani ya AZW3, lakini hayana madhara, kwa kuwa hakuna atakayeirekebisha faili hiyo. Zile amri za zamani zinazotegemea `kindlegen` ziacheni, maana Amazon iliiondoa zana hiyo mwaka 2020. Na kama mna kitabu chenu cha zamani ambacho EPUB yake imepotea na mmebaki na AZW3 isiyo na kufuli, zana ya KindleUnpack itawatolea mitindo, fonti na maandishi yaliyomo, kisha mtaanzia hapo kuijenga asili upya.

Kuna pia `ebook-polish`, ambayo watu huisahau. Hukiboresha kitabu bila kuyaandika upya majina ya mitindo, kwa mfano kupunguza fonti kwa `--subset-fonts` au kuweka jalada kwa `--cover`. Kwa mtu asiyetaka kushughulika na `pyftsubset`, hiyo inatosha, na kwa kuwa huzihifadhi herufi zinazotumika kitabuni pekee, kiritifaa cha *ng'* hakitakosekana.

Nimalizie na wale wa kikundi chenu wanaopenda mwonekano wao binafsi. Wakiweka KOReader, programu nyingine ya kusomea, kwenye Kobo, au kwenye Kindle iliyofunguliwa kwa ajili ya programu za nje, wanaweza kuweka faili zao za mitindo (CSS) katika folda ya `koreader/styletweaks` na kuziwasha kwa kitabu kimoja au kwa vyote, bila kukigusa kitabu chenyewe. Kwa ajili yao, Ndugu Mhariri, ukubwa wa herufi na nafasi katika faili yako ya mitindo uandike kwa `em` badala ya `px` au `pt`, na usiilazimishe rangi ya maandishi, ili anayesoma usiku kwa skrini nyeusi asikute herufi nyeusi juu ya weusi.

Mhariri wa Vijitabu ameandika:

Ahsanteni sana. Nimekwisha kuyatenga mafolda matatu, `asili`, `mazao-kobo` na `mazao-kindle`, na skripti ya majina ya mitindo nimeianza kwa kitabu kifupi zaidi. Tungo zenye mikato mingi nitawapa watunzi wenyewe waweke alama za pumziko kabla sijazipitisha kwenye `sed`.